Bendera Mbili za Nchi ya Mkato

Nimefanya kazi ya kupunga bendera kwa miaka ishirini na sita, katika kituo kimoja kidogo cha bara ambacho treni ya haraka haikuwahi kusimama. Nalitaja hili mwanzoni si kwa kujisifu, maana hakuna cha kujisifia, bali msomaji ajue kwamba nikizungumza habari za bendera sibahatishi, na kwamba nikikasirika mahali fulani katika maelezo haya, nina haki yangu. Jinsi nilivyofika Nchi ya Mkato si habari ya kumchosha mtu. Nilifika, nikapokewa vizuri.

Mapokezi yenyewe yalinishangaza kidogo. Kwetu mgeni hukaribishwa, akakalishwa, akaulizwa hali, ndipo chai ikaja. Mkato nililetewa chai mlangoni nikiwa nimesimama na mzigo mkononi, kisha nikakalishwa, kisha nikaulizwa jina, na mwisho kabisa, kikombe kikiwa kitupu, nikaambiwa karibu. Nilidhani nimedharauliwa. Mwenyeji wangu, Bi. Mashavu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, aliniona nimenuna.

"Bwana, si umekaa? Si umekunywa? Jina lako si tumelijua, na karibu si umeambiwa? Kuna kilichopungua?"

Nilitafuta kilichopungua, sikukiona. Ndipo akanieleza sheria ya nchi yao.

Kila kazi Mkato ina hati yake. Mwenye kazi huandika anavyotaka ifanyike, mstari kwa mstari, kisha hati hupelekwa Idara ya Upogoaji. Huko wamo Wapogoaji, watu wasomi wenye kalamu nyekundu, ambao huifuta mistari isiyo na faida, huisogeza mbele ile inayochelewa, na huiunganisha inayofanana. Mtekelezaji hapewi hati aliyoandika mwenye kazi. Hupewa iliyopogolewa. Na Wapogoaji hawafanyi mambo yao ovyo, maana wana sheria moja iliyochongwa juu ya mlango wa Idara, nami niliinakili: "Hati iliyopogolewa ni halali ikiwa mwenye kuitekeleza, angekuwa peke yake duniani, asingeona tofauti mwishoni."

Niliisoma mara tatu nikitafuta kasoro, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutafuta kasoro. Siku ile sikuiona.

Wala sitaki nionekane mtu wa kulaumu tu. Fundi cherehani wa mtaa ule, kabla hati yake haijapogolewa, alikuwa akiinuka kwenda kabatini kuchukua uzi kila alipofika kwenye kifungo. Shati moja, safari saba. Wapogoaji walifuta safari sita, na sasa anashona mashati mawili kwa muda wa moja, na magoti yamepona. Hata kituoni kwetu kulikuwa na daftari nililolijaza mara tatu kwa siku kwa maneno yaleyale, na watu hawa wangeniokoa. Nilianza kuipenda nchi ile.

Siku ya pili Bi. Mashavu alinipeleka kuyaona machimbo ya mawe meupe, ambayo ndiyo riziki ya mji. Machimbo yana malango mawili, moja mashariki na moja magharibi. La magharibi lilikuwa limefungwa kwa mnyororo wenye kutu, na katika kibanda chake alikaa mzee mmoja nadhifu, kofia imekaa sawasawa, mgongo ameuelekeza dirishani. Nje ya dirisha lile, juu ya mlingoti wa mwambani, bendera nyeupe ilikuwa ikipepea.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye Shekue, mfungua lango. Kaa, lakini usinizoee sana, nitaondoka muda wowote. Nangoja bendera nyeupe ipande."

"Mbona imeshapanda, mzee? Hiyo hapo nyuma yako."

"Haijapanda. Niliangalia, ilikuwa chini."

"Uliangalia lini?"

Alihesabu kwa vidole. "Mwezi wa tatu."

Tulikuwa mwezi wa kumi na mbili. Nilimuuliza kwa nini asiangalie tena, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu.

"Hati yangu ya zamani ilisema: tazama bendera, kama si nyeupe, tazama tena. Basi natazama, natazama, shingo inauma. Idara wakaja na swali la maana sana. Wakaniuliza, humu kibandani, kati ya kutazama mara ya kwanza na mara ya pili, nani anaigusa bendera? Nikasema hakuna. Wakasema, kama hakuna anayeigusa, itabadilikaje? Nikakosa jibu. Wakaufuta mstari wa kutazama tena. Na wewe jibu huna, nakuona."

"Jibu ninalo! Kuna mtu mwingine kule juu, anaipandisha na kuishusha!"

"Huyo simjui," alisema Mzee Shekue. "Hayumo katika hati yangu."

Nilimshika mabega nikitaka kumgeuza. Alikuja juu. Alisema kugeuka ni kazi, na kazi isiyo na hati ni uhuni, na kama kwetu watu wanageuka ovyo ni shauri yetu. Mkewe, aliyekuwa anamletea chakula cha mchana, alinisihi nimwache, maana tangu apate kazi ya kukaa ana afya ambayo hajawahi kuwa nayo.

Nilitoka pale nacheka mpaka machozi. Bi. Mashavu hakucheka.

"Shekue ana bahati," alisema. "Yeye bendera imemkataza kuingia. Kuna walioingizwa."

Tuliketi kwenye jiwe, akanisimulia. Juu ya mwamba yuko mpiga baruti, Ngwali, mtu mwangalifu asiyekuwa na hatia hata kidogo. Hati aliyoandikiwa mwanzo ilikuwa na mistari mitano: pandisha bendera nyekundu, washa utambi, ngoja mwamba uanguke, shusha nyekundu, pandisha nyeupe. Wapakiaji wanaokuja kubeba mawe hufika lango la mashariki asubuhi, hutazama mlingotini, wakiona nyeupe huingia. Mpango mzuri. Mimi mwenyewe nisingeandika vingine.

Hati ikapelekwa Idara. Mpogoaji akaona bendera nyekundu inapandishwa, kisha inashushwa, na katikati Ngwali haitazami hata mara moja. Kuna faida gani kupandisha kitu usichokitazama, ukakishusha? Akaifuta mistari yote miwili. Kisha akaona mlingoti uko mlangoni mwa Ngwali, na utambi uko mbali, hivyo Ngwali anakwenda kwenye utambi na kurudi mlingotini bure. Akamsogezea nyeupe mbele, aipandishe wakati anatoka, na mstari wa kungoja ukafutwa kwa kuwa hakukuwa tena na cha kungojea. Hati ikabaki na mistari miwili: pandisha nyeupe, washa utambi. Mwisho wake mwamba uko chini, bendera nyeupe iko juu, kama ilivyotakiwa. Ngwali angekuwa peke yake duniani, asingeona tofauti.

Miaka ishirini na sita sijawahi kusikia mtu anapandisha nyeupe kabla.

"Na watu wanaingia?"

"Siku nyingi hapana, kwa sababu wanachelewa, hasa kuni zikiwa mbichi. Wanapitia kwangu kwanza. Mimi ndiye mpika uji wa wapakiaji." Alikuwa akichezea ncha ya kanga yake. "Wakija wanakuta haujaiva, wananingoja. Wakifika langoni mwamba umeshaanguka zamani. Tukakaa hivyo miezi, hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kimeharibika. Halafu hati yangu ya uji nayo ikapogolewa. Nikawa nachemsha maji huku nakoroga unga pembeni. Uji ukawahi, Bwana. Siku ya kwanza tu umewahi, mume wangu Bakame akanisifu, akanywa, akatangulia langoni."

Bakame nilishamwona nyumbani. Mguu wake wa kushoto unaishia gotini. Ni mtu wa utani, huwaambia wageni kwamba Idara imempogoa na yeye, kwamba mwishoni amefika anakotaka kwa kiatu kimoja. Mkewe husikia utani ule kila siku, na kila siku hugeuka akatazama jiko. Sikuwa nimejua ni kwa nini.

"Sasa Jumatatu," akasema, "nyumba yetu inatakiwa kutoa mpakiaji wa kuziba nafasi ya Bakame. Anakwenda Tausi."

Tausi ni binti yao wa pekee, ana miaka ishirini, ananiamkia vizuri, na haogopi kitu. Nilipomwambia habari za bendera alinijibu, "Babu, mimi nina mbio." Mama yake alimwambia jiwe lina mbio kuliko yeye. Tulikuwa siku ya Jumatano.

Nikasema haya mambo yataisha kesho, maana mtu yeyote mwenye akili akielezwa ataelewa. Alhamisi tukaenda Idara.

Mpogoaji Mkuu anaitwa Bwana Fumbwe. Ni mwembamba, ana adabu sana, na huanza sentensi katikati ili kuokoa muda. Nilitarajia kukutana na mtu mjeuri, nikagombana naye nikaridhika. Badala yake alituandalia viti, akasikiliza yote, na akafungua jalada la ajali ya Bakame, lililokuwa nene kama mto wa kulalia.

"Tulichunguza," alisema. "Tulimchukua Ngwali tukamweka katika uwanja uliofungwa, peke yake, na mwamba mdogo. Akafuata hati ya zamani. Akafuata hati mpya. Tukalinganisha mwisho wa zote mbili. Mwamba chini, nyeupe juu. Hakuna tofauti hata ya unywele."

"Lakini hakukuwa na wapakiaji!" nikasema.

"Wapakiaji wangeharibu uchunguzi."

Bi. Mashavu akanikanyaga mguu nisiropoke. Akauliza yeye, kwa sauti ndogo nisiyoijua. "Na pale machimboni penyewe, mheshimiwa, mlikwenda kukagua?"

"Mkaguzi wetu alikwenda mara kumi na moja. Hapo ndipo ajabu ilipo, mama. Kila tulipokagua, kazi ilikwenda barabara. Nyekundu ikapanda, watu wakasimama, mwamba ukaanguka, nyeupe ikapanda. Hatukuona kosa hata siku moja."

Nikamwuliza nyekundu ilitoka wapi, wakati mstari wake ulishafutwa. Akanieleza kwamba siku ya ukaguzi Ngwali hupewa hati yenye alama ya ukaguzi, na hati ya namna hiyo haipogolewi, ili mkaguzi aweze kuifuata mstari kwa mstari na kuona kosa liko wapi.

"Kwa hiyo," nikasema polepole, nikijizuia, "mkiwepo, hati ni nyingine. Mkiondoka, watu wanaumia."

"Ndiyo maana tumeona tatizo ni la wafanyakazi. Tabia zao si nzuri wasipoangaliwa."

Nilitaka kusimama. Naye, kwa adabu ileile, akaniongezea kwamba iko sheria ya pili, ambayo haikuchongwa mlangoni kwa kukosa nafasi. Watu wawili wakitegemea bendera moja bila kuandikishana Idara, basi lolote linaweza kutokea na Idara haihusiki. Lolote kabisa. Mwamba unaweza kuanguka kabla, unaweza kuanguka baadaye, ng'ombe anaweza kuzaa meza. Nilimwuliza wanaandikishana kwa fomu gani. Alisema fomu ilikuwepo, ikafutwa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuijaza akiwa peke yake.

"Lakini msidhani hatukufanya kitu," akamalizia, akamgeukia Bi. Mashavu. "Tume ilipendekeza, na imeshapitishwa. Kuanzia sasa uji uwe wa moto zaidi. Ukiwa wa moto, utanywewa taratibu, na wapakiaji watachelewa inavyotakiwa."

Nje, tulipofika kivulini, Bi. Mashavu alisimama akalia waziwazi, mikono kichwani, watu wanapita. "Wamempa mwanangu sufuria ya uji ndiyo mlinzi wake," alisema. "Siku kuni zikiwa kavu? Siku akija hana njaa? Mimi nikoroge vipi, Bwana, nikoroge vipi?" Nilikuwa nimekasirika kiasi cha kuwa na homa.

Ijumaa nilizunguka kwa wajumbe wa Baraza, na Jumamosi Baraza likakaa. Pendekezo langu lilikuwa dogo. Mstari wowote unaotazamwa na mtu mwingine ubandikwe muhuri, na mstari wenye muhuri usifutwe wala usisogezwe, wala mstari mwingine usiruke juu yake. Tuliuita Muhuri wa Jicho la Mwenzio. Nilidhani utapita kwa dakika kumi.

Walijadili siku nzima. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama muhuri utapunguza mwendo wa kazi. Nikakiri kidogo utapunguza, ukumbi ukaguna kana kwamba nimetukana. Mwingine, mwenye duka la vitambaa, alisema muhuri ukiruhusiwa kila mtu atabandika kila mstari kwa hofu, nchi nzima itatambaa kama zamani, na hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Wa tatu aliuliza huyu mwenzio ni nani hasa, maana miaka yote ameishi Mkato na katika hati zake hajamkuta. Alikuwa anauliza kwa dhati. Akajibiwa na Bakame kutoka nyuma ya ukumbi. Bakame alinyanyua tu mkongojo wake juu na kuushikilia hivyo mpaka watu wote wakageuka kumtazama. Kura zikapigwa. Sheria ikapita kwa wingi mkubwa, nami nikakumbatiwa na watu nisiowajua, nikaona kumbe binadamu ni binadamu tu popote.

Ila sikuwa nimeuliza sheria inakwenda wapi ikishapitishwa. Nayo ni hati. Ilipelekwa Idara.

Jumapili asubuhi ilibandikwa ukutani ikiwa imepogolewa. Wapogoaji walikuwa wameona kwamba mtu akiwa peke yake duniani, muhuri haumbadilishii kitu, hivyo ukafutwa. Baada ya kuufuta, vifungu vinavyoeleza muhuri vikawa havina cha kueleza, vikafutwa. Ibara ya adhabu ikakosa kosa, ikafutwa. Sheria yote ikabaki mstari mmoja: "Baraza limekutana." Chini yake palikuwa na tarehe, na hata tarehe walikuwa wameifupisha.

Nilirudi nyumbani nimevunjika moyo, nikamkuta Tausi anajaribisha glavu za baba yake. Zilikuwa kubwa, akacheka, akapiga makofi nazo. Nilikaa chini sikuweza kumtazama. Bi. Mashavu alikuwa anapepeta unga na hakuonekana kusikitika. Alikuwa ananitazama kichwani.

"Bwana Reli," alisema, "ile kofia yako ya kazi umekuja nayo?"

Ninayo. Mimi husafiri na kofia yangu, watu wacheke wasicheke.

"Wakaguzi wa nchi hii hutoka wapi?"

Nikasema sijui.

"Mimi najua, nimeuliza. Sheria inataka mkaguzi awe mgeni, maana mwenyeji ana hati yake na hawezi kuiacha. Anatakiwa awe na kofia, awe na daftari. Anatakiwa aende Idara aseme: nataka hati ya ukaguzi. Hawamuulizi sababu. Kuuliza sababu kulishafutwa."

Bakame alicheka mpaka akaanguka kwenye mkeka, na safari hii mkewe alicheka naye.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa dirishani kwa Idara na kofia yangu, nikanyoosha mkono, nikasema maneno yale. Karani alinipa hati ya Ngwali yenye alama ya ukaguzi, mistari mitano mizima, bila hata kuinua uso. Nilikimbia nayo mwambani, mzee wa umri wangu. Ngwali aliisoma, akaisoma tena, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naikumbuka." Kisha nikakaa kwenye kiti mbele ya lango la mashariki na daftari mapajani.

Saa moja wapakiaji walikuja, uji ulikuwa umewahi. Tausi alikuwa mbele, kwa mbio zake hizo. Nyekundu ikapanda mlingotini. Wengi wao hawakuwa wameiona kwa muda mrefu, mmoja akasema labda Ngwali ameanika shuka. Lakini walisimama, kwa kuwa mwili hukumbuka hata kama hati imesahau. Tukangoja. Mwamba ulianguka kwa kishindo, vumbi jeupe likatufunika wote, na mawe yakapiga mahali palepale ambapo Tausi angekuwa anainama na kapu lake. Nyekundu ikashuka. Nyeupe ikapanda. Tausi alinigeukia, uso mweupe kwa vumbi, akasema, "Babu, nimeyaona." Hakusema tena habari za mbio. Mimi nilijifanya nimeingiwa na vumbi machoni.

Basi nikawa mkaguzi. Kila asubuhi dirishani, kila asubuhi mwambani, kila asubuhi kitini. Mawe yalipungua kidogo kwa siku, hilo ni kweli, na kuna walionuna. Lakini hakuna aliyeumia. Kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu, nilianza kuandika katika daftari mambo niliyoyaona, kwanza bendera, kisha uji, kisha Mzee Shekue, kisha nikaandika mpaka chai ya siku ya kwanza.

Wiki ya tatu Bwana Fumbwe alikuja mwenyewe nyumbani. Alikuwa ameinamisha kichwa, na niliona kwamba hakupenda kazi iliyomleta.

"Kuhusu kiti chako," alisema. "Idara imechunguza. Mkaguzi anaandika daftari. Daftari halisomwi na mtu. Kazi ambayo matokeo yake hayasomwi ni sawa na kazi isiyofanyika, kwa hiyo inafutwa. Ukifutwa wewe, hati ya ukaguzi haina wa kuiomba. Mwisho wa mwezi, Bwana. Samahani sana."

"Nitalisoma mimi," alisema Bakame.

"Wewe ni wa humu. Wa humu wakisoma hatuhesabu. Wana hati zao, na hakuna yenye mstari wa kusoma ripoti. Tuliifuta yote, haikubadilisha kitu."

Tausi alikuwa amesimama mlangoni na glavu mkononi. Nilimwona anamtazama mama yake, si mimi. Bi. Mashavu aliweka chini ungo.

"Na likisomwa nje ya nchi?" aliuliza.

Bwana Fumbwe akavuta kigoda, akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza namwona hana haraka. Alisema, kwa taabu kidogo, kwamba kitu kikishavuka mpaka Idara haikigusi, wala haigusi kazi iliyokizaa, kwa sababu huko nje wako watu ambao Idara haiwajui, na haiwezi kuapa kwamba hakuna atakayeona tofauti. Hiyo ndiyo nafasi pekee ambayo Mkato inakubali kwamba duniani kuna mtu mwingine.

"Lakini lazima asome kweli," akaongeza. "Tutathibitisha. Tukiona hakuna anayesoma, tunafuta."

Nadhani alifurahi. Sina hakika, alishaondoka kabla sijamuaga.

Tangu siku ile kila wiki napeleka kurasa mpakani, mara nyingine bendera tu na saa zake, mara nyingine habari zaidi, kama hizi. Sijui zinamfikia nani. Karani wa Idara naye ametumwa nje. Atakwenda mlango kwa mlango na swali moja: je, umesoma? Huenda akakukuta una shughuli zako, na yeye ana haraka, hatauliza mara mbili.

Nakuomba usimpite. Mwambie umesoma, mwambie umesoma yote mpaka mstari huu, na mwambie bendera ya kwanza ni nyekundu. Kesho saa moja Tausi yuko langoni.